Moto Usio na Moshi

Sisi tuliolelewa Mbozi tunaijua baridi ya Juni na Julai. Huingia jioni pamoja na upepo, ikakaa mifupani mpaka jua lipande. Tunduma, pale mpakani na Zambia, ni mji ulio zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgeni atokaye Dar es Salaam hushangaa kuona watu wamejitanda mablanketi barazani. Huku kwetu moto si wa kupikia tu. Ni wa kuota.

Nilijenga Tunduma mwaka 1996, wakati mji ungali katika Mkoa wa Mbeya, miaka 20 kabla Mkoa wa Songwe haujazaliwa. Nilijivunia nyumba ile: matofali ya kuchoma, bati, dari, madirisha ya vioo. Nilihakikisha hapana ufa wa kupitisha upepo.

Julai ya mwaka uliofuata mama alikuja kututembelea kutoka kijijini. Usiku mmoja baridi ilipozidi, mama watoto aliingiza jiko la mkaa chumbani tulimolala na watoto wetu wawili. "Limeshakolea," alisema, "halina moshi." Nikaona ni kweli. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri kuyatazama. Nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa gunia, tukalala.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni sauti ya mama: "Mtoto anatapika, hamsikii?" Nilimsikia kama mtu aitaye kutoka ng'ambo ya mto. Nilitaka kuinuka, magoti yakakataa. Kichwa kilikuwa kikitwangwa kama kinu. Mama aliusukuma mlango kwa bega, akafungua dirisha, akatuburura mmoja mmoja hadi uani kwenye umande. Mdogo alichelewa kuzinduka. Dakika zile nilizomshika kifuani nikingoja avute pumzi vizuri, sijazisahau. Jirani alitukimbiza hospitali kwa gari lake. Mtoto aliwekewa oksijeni, na kulipopambazuka akaomba uji.

Daktari alitueleza kwa upole. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, na mahali pasipo na hewa ya kutosha huitoa kwa wingi zaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anapumua lakini mwili unakosa hewa. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Na aliyekwisha lala huenda asiamke tena.

Tuliporudi nyumbani mama aliizunguka nyumba yangu kimya. Kisha akauliza, "Mwanangu, nyumba hii inapumulia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka jiko la bibi: mafiga matatu, paa la nyasi, moshi ukipenya juu kila mahali. Siulilii moshi ule. Uliyaharibu macho ya bibi na kumwachia kikohozi cha miaka mingi. Lakini ulikuwa na adabu moja: ulipozidi ulikufukuza nje. Mimi niliuchukua moto wa zamani nikautia katika nyumba mpya, nikadhani kwa kuwa haunilizi machozi, hauna madhara. Moto haukubadilika. Nyumba ndiyo iliyobadilika.

Miaka kadhaa baadaye nilipanga nyumba ya zamani huko Mbozi, yenye meko ya ukutani na dohani. Safari hii sikuwasha kwanza. Nilimwita fundi, akapanda juu ya bati, akatoa kiota cha ndege na masizi ya kujaza karai. Akaonyesha ufa karibu na mbao za paa, mahali ambapo cheche ingeweza kupenya, tukauziba. Kisha tukawasha karatasi moja mekoni tukatazama. Moshi ulipanda moja kwa moja. Ungalirudi chumbani, tusingaliota moto siku ile. Hata hivyo tuliacha dirisha wazi kidogo, na majivu tuliyaweka katika ndoo ya bati nje, maana kaa hujificha jivuni hata siku ya pili.

Ndugu msomaji, huenda huna dohani. Wengi wetu hatuna. Una jiko la mkaa na mlango wa kufunga. Ota moto nje barazani, kisha liache jiko huko huko uingiapo kulala. Baridi iliyobaki itashindwa na blanketi.

Mama alifariki mwaka 2009. Mpaka leo, kila usiku wa Julai, kabla sijazima taa, naizunguka nyumba nikijiuliza swali lake. Mtoto yule mdogo sasa ni baba, na nimemsikia akiwauliza wanawe swali hilo hilo.