Barafu ya Bibi

Mara ya kwanza kumpelekea bibi barafu, ilifika kijiti kitupu. Muuza lambalamba alikuwa akipanda kijijini kwetu Chiwata kwa baiskeli kutokea Ndanda, na kengele yake tuliisikia kabla hajamaliza kilima. Nilinunua moja, nikaifunga kwa jani la mgomba, nikakimbia. Bibi akafungua jani, akacheka, akalamba kijiti na kusema utamu umebaki. Alikuwa mtu wa kushuka bondeni alfajiri kuteka maji na kupanda na ndoo kichwani, na tone lililomwagika njiani hakulifanyia mzaha. Siku ile tu ndiyo alicheka.

Magongo nayo tuliyacheza bila kujua yana jina. Msimu wa korosho tulikata fimbo zenye kona, tukawa tunapiga korosho ghafi uwanjani, hadi mjomba alipotukuta.

"Mnachezea ada zenu?"

Akaziokota zote, moja moja. Kwetu mjomba akisema amesema, basi tukahamia kwenye mpira wa matambara. Huko nilikuwa winga, tena mwenye mbio. Baadaye nikacheza Masasi mjini, timu ya daraja la chini, mechi 11, kisha goti likanisusa. Nikasomea ualimu.

Mwaka 2006 nilikwenda Nairobi kwa semina. Wenyeji wakatupeleka hoteli ya Panari, Mombasa Road, ambako mwaka mmoja kabla ulifunguliwa ukumbi wa barafu. Nje jua kali, ndani watu wanateleza. Nilivaa vile viatu vyenye visu na kushikilia ukuta saa nzima, mtu mzima na shati langu la semina. Kijana mmoja mwenyeji, aliposikia natoka Tanzania, akaniambia: "Mwalimu, nyinyi mna mtu wenu aliyefika NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni." Nilidhani ananitania.

Jioni nikaingia kwenye intaneti. Kweli: Chris Nielsen, Mkanada, amezaliwa Moshi tarehe 16 Februari 1980. New York Islanders walimchagua mwaka 1998, akiwa wa 36 katika orodha ya vijana wa mwaka huo, ila mechi za ligi alizichezea Columbus Blue Jackets, timu iliyoanza na msimu wa 2000-01. Misimu miwili, mechi 52, mabao 6, pasi za mabao 8. Katikati ya hapo alikuwa akishushwa Syracuse Crunch, ligi ya chini, na kupandishwa tena. Baada ya hapo ligi kuu haikumwona.

Nilicheka. Mabao 6! Mtu anazaliwa chini ya Kibo, anakwenda hadi Marekani, kumbe kwa mabao 6.

Kicheko hicho kilipungua taratibu, na kilichokipunguza ni hesabu. Wakati ule ligi ilikuwa na timu 30, kila moja ikivalisha watu 20 siku ya mechi. Nafasi 600, na wanaozitaka wanatoka Kanada yote, Urusi, Sweden, Ufini. Hata ukipata yako, unaingia barafuni kwa chini ya dakika moja, unatoka ukihema, mwenzako anaingia, na kocha ameshaona alichotaka kuona. Mimi na mechi zangu 11 za Masasi nilikuwa namcheka nani?

Nikapiga na hesabu nyingine, ya kwangu mwenyewe. Uwanja wao una mita 61 kwa 26, barafu yake unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Ni karibu ndoo 2,000 za lita 20. Kwa safari mbili kwa siku bibi angehitaji miaka miwili na miezi tisa kuujaza. Na kila mapumziko wanapita na gari wakimwaga maji ya moto juu yake ili itakate! Hilo nashukuru hakulisikia.

Mpwa wangu sasa huzitazama mechi za magongo ya barafuni kwenye simu, pale pale Chiwata. Yeye ndiye aliyenionyesha Ice Lions wa Nairobi, waliotoka kwenye ukumbi ule ule wa Panari, wakiwa Kanada mwaka 2018, na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wamevaa jezi moja nao. Mwaka 2024 Kenya ikaingia shirikisho la dunia la mchezo huo.

"Mjomba, hawa wanalipwa?"

"Hawalipwi mshahara, baba. Wa Moshi ndiye aliyelipwa."

"Mabao mangapi?"

"Mechi 52," nikamjibu.

Akaniangalia, akaenda zake dukani. Siku hizi kuna umeme na friji, na barafu ya ubuyu ni shilingi 100. Duka liko hatua 30 kutoka kibarazani kwa bibi.