Kompyuta Moja, Mifumo Miwili

Kabla hujaiuza laptopu yako kuukuu kwa bei ya kutupa, nisikilize kidogo. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11.

Hapa kwetu Kiembeni mashine ni moja, nayo ni ya nyumba nzima. Mimi nina hesabu za chama katika programu ya Windows. Kijana wangu anahitaji intaneti kwa masomo yake. Basi tuliiacha Windows, tukaweka kando yake Ubuntu, mfumo wa bure uliotoka mwaka wa 2004, na ambao jina lake lina maana ya utu. Sasa ukiiwasha hukupa orodha uchague. Hesabu hufanywa Windows bila intaneti. Mengine yote, Ubuntu.

Lakini tahadhari! Diski hugawanywa mapande mawili, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, hata picha za marehemu wazazi zaweza kupotea. Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje, na betri iwe imejaa.

Usiache mbachao kwa msala upitao.