Ujasiri wa Anayengoja: Uingereza na Ayivu

Mtu wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, anayeomba hifadhi Uingereza, yaani ruhusa ya kukaa huko kwa kuwa maisha yake yamo hatarini kwao, akiwa hana pa kujikimu anaweza kupewa mahali pa kulala na posho ndogo, lakini kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara. Kibali cha kazi anaweza kukiomba baada tu ya kungoja miezi 12 bila kujibiwa, tena kwa kazi chache zilizoorodheshwa na serikali. Akianza kukosa usingizi, anaweza kuelekezwa kwenye tiba ya mazungumzo, ambayo ni vikao vya faragha na mtaalamu anayemsaidia kutambua mawazo yanayoizidisha hofu yake. Huduma hiyo hutolewa bure na NHS, mfumo wa umma wa afya wa taifa hilo, na haifai kubezwa, hasa na watu ambao wazee wao wamezika mengi bila kuyasema. Hata hivyo, humfundisha mtu kuituliza nafsi huku mikono yake ikiwa imefungwa, na hapo ndipo penye upungufu.

Ayivu, ambayo leo ni sehemu ya Jiji la Arua, na Koboko iliyo kaskazini yake, zimeijua hofu ya aina hiyo kwa muda mrefu. Rais Idi Amin alipoangushwa Aprili 1979, West Nile nzima ilihesabiwa kuwa nyumbani kwake, na kuanzia Oktoba 1980 askari wa serikali wakawalipizia raia kisasi, hata watu wengi mno wakavuka mpaka kuingia Zaire (Kongo ya leo) na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo humo. Walionusurika na kurudi katika miaka iliyofuata walianza upya katika maboma yaliyobomolewa na mashamba yaliyomezwa na nyasi, wala hakuna aliyewaahidi kwamba vita havitarudi.

Leo eneo hilo hilo linapokea wakimbizi, wakiwamo Wakongo walioko Lobule, wilayani Koboko. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na katika makazi ya wakimbizi hugawiwa kipande cha ardhi, ambacho mara nyingi hakitoshi kulisha nyumba, hasa baada ya msaada wa chakula kupunguzwa mara kadhaa. Hata kikiwa kidogo, anayekilima huamka akiwa na la kufanya.

Pamoja na jembe kuna kikundi cha kuweka na kukopa, ambamo wanachama hununua hisa kila wiki na kukopeshana kutokana na fedha zao wenyewe. Sanduku la chuma huwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote watatu wawepo; fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya kikao, na hisa za kila mtu hugongwa muhuri katika kitabu chake. Kando yake huwa kuna mfuko wa jamii, ambao hutoa msaada mtu akiugua au akifiwa. Mama aliyeketi katika duara hilo huenda anaiogopa kesho kama mwenzake anayengoja jibu Uingereza, ila anajua ni nani atakayemjia msiba ukimfika, na ujuzi huo ndio unaompa uthubutu wa kukopa na kufungua genge.

Haifai kuyapamba ya nyumbani: anayeugua akili kule mara nyingi hukosa mtaalamu, na kikundi hakitibu kila jeraha. Lakini ujasiri wa mtu mmoja aliyefungiwa chumbani bila kazi hauwezi kudumu, hata akishauriwa vizuri namna gani. Sheria ya Uingereza inamruhusu anayengoja jibu kujitolea bila malipo katika mashirika ya hisani. Kwa hiyo jamaa wa Ayivu na Koboko walioko huko wasisubiri aombe msaada: wamtafutie pa kujitolea, wamwite kwenye vikao vyao, na wampe jukumu lenye jina lake.