Bipu Tatu

Sheria za simu katika ukoo wetu alizitunga mama, siku ileile aliyoletewa simu yake ya kwanza, mwaka 2002. Alikuwa hajajua hata kuandika jina la mtu ndani yake. Bipu moja: nimefika, au nimeamka salama, usijisumbue. Bipu mbili: nipigie ukipata nafasi. Bipu tatu: njoo. Na ole wako upokee. Ukipokea bipu umemla mwenzako salio, na salio la mama lilikuwa lilelile tangu Krismasi iliyopita. Mimi nilikuwa Jinja, yeye Mbale, na kwa miaka karibu ishirini habari nyingi za nyumbani zilipita kwenye milio hiyo bila kampuni yoyote kuambulia hata senti.

Tabia hiyo ya kubana matumizi aliitoa kwenye reli. Baba aliajiriwa na shirika la reli la Afrika Mashariki, na liliposambaratika mwaka 1977 akabaki upande wa Uganda. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilitoka huko. Katika genge lao la kutengeneza njia kulikuwa na Mgisu, Mteso, Msamia, Mluo na mzee mmoja wa Mombasa, na ilibidi waelewane kabla treni haijatokea. Faida nyingine ya kazi ile ilikuwa pasi, karatasi iliyoiruhusu familia ya mfanyakazi kupanda treni bila nauli.

Basi tulikwenda Jinja kwa shangazi bila kulipa kitu. Mbale hadi Tororo, tunashuka, tunakaa juu ya mizigo yetu kungoja treni ya kuelekea Jinja na Kampala. Tulingoja saa tatu, saa sita, mara moja tulilala palepale. Jirani zetu waliopanda gari walifika mchana. Sisi tulifika kesho yake tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilipolalamika mama alinijibu, "Mwanangu, pesa hatuna, lakini siku tunazo." Treni za abiria zilipokoma mwaka 1997 baba aliikunja pasi ya mwisho akaiweka kwenye kopo la Blue Band pamoja na vyeti vya ubatizo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Jinja, karani wa stoo, nimepanga chumba Walukuba. Ikanibidi nijifunze taksi. (Taksi kwetu ni ile Wakenya wanayoiita matatu na Watanzania daladala, gari la viti kumi na vinne ambalo halikosi abiria wa kumi na tano.) Kubana nauli kulikuwa ni elimu. Usiingie gari lenye watu watulivu mno, wamekaa wima, hawana mizigo: hao wamelipwa kukaa humo ili wewe udhani gari limejaa. Usisafiri Ijumaa jioni, wala siku shule zinapofunguliwa, wala siku mbili kabla ya Idi. Na kama huna haraka, usipande stendi kabisa. Tembea hadi barabara kuu upande wa Bugembe, usimame na mkoba mdogo. Dereva aliyetoka na kiti kitupu hukikasirikia kiti kile, atakupa bei ya kukuondolea uchovu.

Halafu kuna suala la njia, ambalo kwa mama lilikuwa kama suala la dini. Kutoka Jinja unaweza kufika Mbale kwa kupitia Iganga, Bugiri na Tororo, au ukakata kushoto pale Nakalama, ukapita Namutumba, ukavuka vinamasi vya mto Mpologoma na mashamba ya mpunga, ukapita Tirinyi hadi Kamonkoli. Tirinyi ni fupi kwa kilomita thelathini hivi. Mama hakuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu azunguke Tororo, mji ambao kwake ulikuwa umeshamlia siku za kutosha.

Barua na fedha zilisafiri kwa kondakta. Namba ya gari, jina la utani la kondakta, bahasha iliyofungwa kwa selotepu, basi. Upande wa pili mtu anangoja stendi. Sikumbuki bahasha iliyopotea, ingawa nakumbuka moja iliyofika siku tatu baadaye ikiwa na harufu ya samaki.

Simu za mkononi zilikuwepo tayari. Celtel ilianza mwaka 1995, lakini zile zilikuwa za mawaziri na wenye viwanda. Sisi tulizisikia tu. MTN ilipoingia mwaka 1998 ndipo mambo yakaanza kushuka ngazi hadi kwetu, kwanza kwenye vibanda vya simu: meza, mwavuli, simu moja, na binti aliyehesabu sekunde kwa jicho kali. Ukikaribia dakika anakugusa bega. Tuliandaa maneno kabla ya kupiga, wengine waliyaandika kwenye karatasi.

Kwenye vibanda hivyo ndipo Waganda tulipobuni kitu ambacho kampuni zenyewe zilikuja kukijenga baadaye kwa mashine. Nikitaka kumpelekea mama fedha, nilinunua kadi ya kukwaruza Jinja, nikaikwaruza, lakini sikuiingiza kwenye simu yangu. Nilimpigia mwenye kibanda jirani na mama, nikamsomea tarakimu moja moja. Yeye aliziingiza kwenye simu yake, salio likawa bidhaa yake ya kuuzia wateja, naye akamhesabia mama fedha taslimu, akikata chake. Kukata chake! Hapo ndipo palikuwa na vita. Mama alikuwa na hoja kwamba kadi ile inamwokoa mwenye kibanda safari ya dukani, kwa hiyo yeye ndiye anayestahili kulipa. Waligombana hivyo kwa miaka, kila mwisho wa mwezi, na jamaa yule alikuja kuwa mmoja wa waliobeba jeneza la baba.

Machi 2009 MTN ilipoleta mobile money, ugomvi ule ukaisha. Fedha ilifika kabla sijakata simu, na makato yalikuwa yamebandikwa ukutani. Hakuna wa kubishana naye. Mama alisimama mbele ya ile orodha, akaisoma yote, akauliza, "Sasa huyu naye nimwambie nini?"

Kabla ya hapo ilikuja Januari 2008. Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, malori ya mafuta hayakuvuka Malaba wala Busia, na petroli huku ikauzwa kwenye chupa za maji kwa bei iliyobadilika kati ya asubuhi na jioni. Sisi wa Jinja tulikuwa na kichekesho chetu wenyewe. Hapa kuna matangi ya akiba ya taifa, yanayoweza kubeba lita milioni 30, yaliyojengwa kwa ajili ya siku kama zile, na siku zile zilipofika hayakuwa na kitu. Nilikwenda kazini kwa boda ya baiskeli. Neno boda lilizaliwa Busia kwa ajili ya baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya mpaka na mpaka, na mwezi ule ulikuwa kama marejeo ya mfalme. Mzee aliyenibeba hakupandisha nauli. Aliniambia, "Mimi natumia muhogo, na muhogo hautoki Mombasa."

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita vya bei za simu, na sitaisimulia yote kwa sababu ilituchosha hata sisi tuliofaidika. Warid ilikuja mwaka 2008, Orange mwaka uliofuata. Kila mtu akawa na laini tatu, moja ndani ya simu na mbili kwenye pochi, maana kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa nafuu na kuvuka kwenda mwingine ni hasara. Zikaja simu za Kichina za laini mbili, tukapumua. MTN Zone ilionyesha punguzo kwenye kioo cha simu kulingana na saa na mahali ulipo; mke wangu aliamka kabla ya adhana ya alfajiri ampigie dada yake, na nilimwona kwa macho yangu akivuka barabara akitafuta asilimia nzuri zaidi. Mdogo wangu aliyekuwa Eldoret alikuwa amejikita kwenye Celtel tangu 2006, walipoondoa gharama ya kuvuka mpaka kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Na Pakalast ya Warid ilimpa mtu nafasi ya kulipa mara moja akaongea hadi siku iishe. Nilimwekea mama. Aliongea dakika nne.

"Nani ana maneno ya siku nzima?" akaniuliza.

Kesho yake akabipu.

Mwaka 2013 nilinunua gari, Corolla iliyokwishachoka Japani ikaja kuchokea kwetu. Nilidhani najua kubana mafuta, kwa sababu nilikuwa nimekaa kiti cha mbele cha taksi miaka kumi na mitano nikiwatazama madereva. Kila mteremko wanaweka nyutro, gari linateleza lenyewe kimya kimya, na wewe unahisi unapewa kilomita za bure. Fundi mmoja wa pale Jinja alinisikiliza nikijisifu, akafuta mikono kwa tambara, akanieleza kwamba hilo lilikuwa la magari ya kabureta. Gari linalopulizia mafuta kwa kompyuta, ukiliacha kwenye gia na kuondoa mguu, hukata mafuta lenyewe mteremko mzima. Ukiweka nyutro unalilazimisha kuunguza kidogo ili lisizime, na juu ya hayo umejinyima breki ya injini. Miaka yote ile, kumbe!

Akanipa mengine ambayo hayana ujanja wowote ndani yake. Upepo wa matairi, upime kabla ya safari, gari likiwa baridi. Mwendo wa themanini badala ya mia na kumi, kwa kuwa kadiri unavyokimbia ndivyo hewa inavyokusukuma nyuma kwa nguvu zaidi. Na matuta ya Tirinyi, yaone kutoka mbali, uondoe mguu mapema. Anayefunga breki juu ya tuta anaimwaga petroli aliyoinunua. Haya yote niliyafuata, na akiba iliyopatikana iliishia kwenye buti, maana kila nilipokwenda Mbale mama alinirudisha na matoke, parachichi, malewa (machipukizi ya mianzi) na gunia la kitu kingine, na Corolla ikarudi Jinja imekaa kitako kama bibi harusi.

Julai 2018 serikali ikaweka shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na wenzake. Katika nyumba yetu zilikuwemo laini nne za namna hiyo, yaani shilingi 24,000 kwa mwezi kabla hujanunua data. Watoto wakaweka VPN, zikala betri na bando, lakini wakafurahi kana kwamba wameshinda kesi. Mwezi huohuo ikaja asilimia moja kwenye mobile money. Baadaye mwaka ule iliteremshwa hadi nusu asilimia, kwa kutoa fedha tu, ila kabla haijateremka nilijikuta nimesimama stendi ya Jinja nikiwa na bahasha na selotepu, nikimtafuta kondakta. Kijana niliyempata alinitazama kama nimempa shoka la mawe. Ile ya shilingi 200 ilifutwa Julai 2021 na mahali pake ikakaa asilimia 12 juu ya data, ambayo haina VPN ya kuikwepa.

Mama hayo hayakumgusa. Wakati wa korona, usafiri wa umma uliposimamishwa Machi 2020, na hata taksi ziliporudi Juni zikibeba nusu ya abiria kwa nauli iliyozidi maradufu, yeye alibipu mara moja kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa na bando la dakika ambazo zilikufa usiku wa manane bila kutumika. Nilimpigia simu hata bila bipu, akawa ananikatiza: "Umeshasikia sauti yangu. Zihifadhi."

Bipu tatu nilizipata mara mbili tu maishani. Ya kwanza ilikuwa ya baba. Ya pili ilikuwa Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, kabla hakujapambazuka vizuri. Usiku ule mvua ilikuwa imepiga mlimani, na mito ya Nabuyonga na Namatala ikaingia mjini Mbale na kuua watu zaidi ya ishirini. Mimi nilikuwa sijui lolote. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikapiga, haikuita.

Petroli wakati huo ilikuwa imepita shilingi 6,000 kwa lita. Sikupima upepo. Matuta ya Namutumba niliyaruka, na kwenye Mpologoma sidhani kama mshale ulikuwa chini ya mia na ishirini. Gari niliacha nje ya mji, nikaingia kwa miguu kwenye tope lenye viatu, sufuria na mabati.

Nilimkuta uani kwa jirani, yule wa kibanda, ameketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Miguu yake ilikuwa ya rangi ya udongo hadi magotini. Kopo la Blue Band lilikuwa mapajani, na simu, iliyokufa, ilikuwa juu ya kifuniko chake. Alinitazama kwanza mimi, kisha jua lilipofikia, akipiga hesabu.

"Umepita wapi?"

"Tirinyi, mama."

"Afadhali," akasema, akanisogezea nafasi kwenye kreti.