Meli Isiyotaja Kwao

Yapo maneno tuliyoyazoea hata hatuyaulizi tena yalikotoka. Neno meli ni mojawapo. Marikebu tuliipokea kwa Waarabu, na jahazi likatujia kwa njia hiyo hiyo ya pepo za kaskazi. Meli, kwa upande wake, limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta. Chombo kilileta barua, nasi tukakiita kwa jina la mzigo wake. Manowari nayo ni Kiingereza kilichovikwa kanzu ya Kiswahili: maneno matatu yenye maana ya mtu wa vita, yaliyoshonwa yakawa moja.

Asili ya maneno hayo imo katika kamusi. Asili ya vyombo vyenyewe ndiyo iliyonisumbua. Nani alilaza mkuku wake? Nani alisimamisha mataruma? Vilishuliwa katika maji gani? Kuyafuata maswali hayo kulinifikisha Dumbarton, mji mdogo wa magharibi mwa Uskoti, pale mto Leven unapoingia katika mto Clyde chini ya jabali kubwa lenye ngome. Jina la mji huo limetokana na Kigaeli, na maana yake ni ngome ya Wabritoni.

Hapo ndipo akina Denny walipoanza kuunda meli mwaka 1844. Kampuni ya British India, iliyoasisiwa na Mskoti William Mackinnon, ilikuwa miongoni mwa wateja wao wakubwa. Na ni kampuni hiyo iliyoanza mwaka 1872 kuleta barua Zanzibar kwa meli za kutoka Aden. Barua za posta, chombo cha moshi, bandari ya Waswahili: vyote vitatu vilikutana katika neno moja fupi.

Mwaka huo huo wa 1872 tufani iliipiga Zanzibar na kuangamiza merikebu za Sultani Barghash. Mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow ilitia nanga mbele ya mji, naye Sultani akapendezwa nayo, akataka chombo cha mfano wake. Kazi ikapewa akina Denny. Mwaka 1878 chombo kikawa tayari, kina mataruma ya chuma na mbao za msaji, kina matanga na injini ya mvuke. Sultani akakiita Glasgow.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo. Glasgow ni mji mwingine, uko juu zaidi katika mto Clyde. Meli ya Sultani ilipewa jina la manowari, na manowari ilikuwa na jina la mji. Dumbarton, ambako nyundo ziligongwa na mbao zikakalafatiwa, haikutajwa popote. Jina liliuruka mji uliozaa chombo, likatua kwa jirani mwenye sifa.

Mwisho wa meli hiyo tunaujua. Tarehe 27 Agosti 1896 Khalid bin Barghash, mwana wa yule aliyeiagiza, alikuwa amejifungia katika kasri akidai kiti cha baba yake. Manowari za Kiingereza zilianza kupiga mizinga baada ya saa tatu asubuhi, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Glasgow iliifyatulia mizinga meli kubwa ya adui, St George, ikajibiwa, ikazama. Mabaharia wake waliokolewa na Waingereza wale wale waliowazamisha. Kwa miaka mingi, hadi 1912, milingoti yake ilichomoza majini mbele ya Mji Mkongwe. Chombo kilichoundwa na mafundi wa Uingereza kilizamishwa na mizinga ya Uingereza, na kila aliyepita forodhani aliiona milingoti hiyo bila kuambiwa ilitoka mto gani.

Sisemi haya ili kulilia enzi ya masultani. Fedha ya meli kama ile ilitoka katika karafuu, na karafuu zilichumwa kwa mikono ya watumwa. Ninachokililia ni kazi ya mikono inayopotea nyuma ya majina ya wakubwa, huku na kule.

Nilipofika Dumbarton sikukuta kelele za nyundo. Kiwanda cha Denny kilifungwa mwaka 1963, na leo watu hununua mkate na maziwa karibu na mahali zilipokuwa zikiundwa meli. Kilichosalia ni jengo lenye birika refu la maji, lenye urefu wa takriban mita 100. Lilijengwa mwaka 1883, nalo ndilo la kwanza duniani kumilikiwa na kampuni ya kuunda meli. Mafundi walichonga mifano ya meli kwa nta, wakaikokota juu ya maji yale na kupima jinsi maji yanavyoipinga, kabla chuma chochote hakijakatwa. Nilisimama kando ya birika nikiwaza juu ya nta. Mshairi naye hupima ubeti kwa mizani kabla hajauacha uende kwa watu.

Tena, tangu mwaka 1880 akina Denny waliwatuza fedha wafanyakazi waliobuni njia bora za kazi. Hata hivyo, ukimuuliza mpita njia ataje meli moja ya Dumbarton, huenda akainyamazia hata Cutty Sark, ambayo dunia nzima inaijua. Iliundwa hapo na kampuni ya Scott & Linton, ambayo ilifilisika kabla ya kuimaliza; akina Denny ndio walioikamilisha, na ikashuliwa Novemba 1869. Leo imewekwa Greenwich, London, na wageni huizuru kama fahari ya mji huo.

Jina lake limetoka katika shairi. Robert Burns, malenga wa Waskoti, alisimulia katika “Tam o' Shanter” habari za mchawi kijana aliyecheza akiwa amevaa shumizi fupi. Shumizi hiyo fupi, kwa Kiskoti, ndiyo Cutty Sark. Kiskoti hicho kilidharauliwa na wengi kuwa Kiingereza kibovu, lakini maneno yake mawili yameizunguka dunia yakiwa yameandikwa juu ya meli.

Hilo ndilo fundisho ninaloliona. Neno huhifadhi, na neno hufunika. Cutty Sark limehifadhi shairi likaufunika mji. Glasgow limehifadhi manowari likawafunika mafundi. Meli limehifadhi barua likafunika chombo. Kazi yetu sisi wenye kupenda lugha ni kulifunua neno tuone kilicho chini yake.

Nasi tunavyo vyetu vya kufunua. Tunasema “kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani”, na vijana wetu wengi hawajui kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa maji yanakokusanyika. Foromali, demani, joshi: mafundi wa majahazi wakiondoka, maneno haya yatabaki kama milingoti ile, yamechomoza juu ya maji, na hakuna ajuaye yamesimama juu ya nini. Tuwaendee wangali hai, tuyaandike pamoja na vitu vyake na majina ya waliovitengeneza.

Meli yetu ya awali, yafaa tuikumbuke,
Iliundwa nchi mbali, Leveni kingoni mwake,
Yakaifika makali, ikazama peke yake,
Neno latunza asili, ajuaye alishike.