Kiwanja ya Kucheza

Mgeni akiutaja Salamabila, mji wetu mdogo katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa Maniema, huanza na dhahabu. Hakosei. Mgodi wa Namoya uko jirani. Ulichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, na mwaka 2016 kampuni ya Banro ya Kanada ikaanza humo uzalishaji wa kibiashara. Wachimbaji wa mikono nao wapo siku zote. Dhahabu imekusanya watu: Wabangubangu, Wabuyu, Wabembe, Walega, Wazimba, na wengine waliotoka Kivu. Kila kundi lina ngoma yake. Sokoni wote wanakutana katika Kiswahili.

Nikisema sanaa ya hadhara, msomaji asitafute sanamu ya shaba katikati ya barabara. Kwetu sanaa ya hadhara ni ngoma ya arusi na ya matanga, ni picha alizochora fundi kwenye ukuta wa kinyozi, ni hadithi za jioni. Sanamu tulikuwa nazo pia. Zile za mababu wa Wabuyu zinasifiwa na wataalamu, ila nyingi zimo katika makumbusho na mikusanyo ya ng'ambo, na mtoto wa Kabambare huziona kwenye simu, kama ana simu. Kilichobaki nyumbani ni kile kisichoweza kufungwa sandukuni: mwili unaocheza na sauti inayoimba. Hicho nacho kinahitaji ardhi tupu, na katika mji wa machimbo ardhi tupu ndiyo inayomezwa kwanza.

Hapo ndipo mipango ya maendeleo inapoingia. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imeweka mrabaha wa asilimia 3.5 kwa madini ya thamani. Fedha hizo zinagawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za chini zilizogatuliwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa miradi ya jamii, na kusaini na wenyeji ile hati ya ahadi ambayo sote tunaiita cahier des charges. Kwa hiyo orodha ya mahitaji inayoandikwa kijijini si karatasi ya mapambo. Kilichomo kinaweza kudaiwa. Kisichomo hakina wa kukidai.

Miaka michache iliyopita nilikaa katika kikao kimoja cha kuandaa orodha ya namna hiyo. Watu walitaja shule, kituo cha afya, maji, daraja. Kisha mama mmoja mtu mzima akasimama akasema: "Siye tunataka kiwanja ya kucheza, kama ile ya zamani." Mwalimu wa sarufi atasahihisha upatanisho wake, lakini pale hakuna aliyeshindwa kumwelewa. Kiwanja cha zamani kilikuwa cha ngoma. Viwanja vya nyumba vilikuwa vimekimaliza. Watu walipiga makofi.

Kikao kilikwenda kwa Kiswahili, taarifa ikaandikwa kwa Kifaransa. Ilipobandikwa, mama yule aliniomba nimsomee. Mstari wake ulisema: "terrain de football". Nikamfasiria. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, mpira una watu wake, na si vibaya. Sisi tuko wapi humo?"

Sidhani kuna aliyekusudia kumpokonya neno lake. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kucheza, kwa ngoma na kwa mpira. Kifaransa kinamlazimisha mwandishi achague kati ya danser na jouer. Mwandishi akachagua kile ambacho fomu za maendeleo zimezoea. Kiwanja cha mpira kina vipimo, kina magoli, kinahesabika. Ngoma haikuwa na kisanduku chake.

Rafiki mmoja kitivoni aliposikia kisa hiki aliniuliza: watu wasio na maji safi, ngoma ya nini? Swali lake ni la haki, lakini mama yule hakuomba ngoma ilipiwe. Aliomba ardhi isiuzwe, jambo linalogharimu pungufu ya paa la darasa moja. Tena katika mji ulioonja mivutano na milio ya bunduki, ngoma ya matanga ni mahali ambapo jirani wa kabila lingine huja kulia nawe. Ukikosa mahali hapo, utakutana naye shimoni tu, mnapogombea mawe.

Sheria yenyewe haikatai. Ibara ya 46 ya katiba yetu ya 2006 inatambua haki ya utamaduni na kulipa taifa jukumu la kulinda urithi wake. Kenya, katika katiba ya 2010, iliziandika shughuli za utamaduni miongoni mwa kazi za kaunti. Ufaransa ilianza mwaka 1951 kutenga asilimia 1 ya gharama za kujenga shule za umma kwa ajili ya kazi ya sanaa. Mifano hii miwili inafanana katika jambo moja: utamaduni umeandikwa kwa jina lake mahali ambapo kazi na fedha hugawanywa, haukuachwa usubiri hisani.

Kwetu kazi hiyo inaanza na lugha, na ndiyo sababu naileta kwa wasomaji wa jarida hili. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwa mujibu wa katiba hiyohiyo. Basi taarifa ya kikao kilichofanyika kwa Kiswahili iandikwe kwanza kwa Kiswahili, kile cha Maniema kama kilivyosemwa, isomwe kwa sauti mbele ya waliosema, ndipo ifasiriwe. Nimeanza kukusanya maneno ya vikao yanayopotea njiani, pamoja na tafsiri zinazofaa. La kwanza nimeliandika hivi: kiwanja ya kucheza, aire de danse publique, ardhi isiyouzwa, yenye vipimo, na jina la anayeitunza. Wenzangu wa Kasongo na Kindu wanaojua mengine, walete.