Kuku na Adhana ya Magharibi

Huku kwetu Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kicheche hangoji Isha. Kuku haoni vyema gizani. Akilala nje hana pa kukimbilia. Basi usimwache mtoto awafukuze kwa mawe, wakatawanyika hadi mitini. Wazoeze: kabla ya adhana ya Magharibi, mwaga pumba kidogo bandani, wataingia wenyewe. Wahesabu, kisha funga mlango. Akizidi mmoja, ni wa jirani. Mlaze salama, asubuhi umrudishe. Huenda mayai yake ndiyo daftari la yatima.

Mtume (S.A.W.) ametueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Mnyama tuliyemfuga ni amana. Akiliwa kwa uvivu wetu, tutaulizwa.